Mpigaji wa Alasiri

Kilichomshtua kwanza Ernestine Tisdale kilikuwa vumbi. Asubuhi alikuwa amepiga deki korido na kuipaka nta mpaka mbao zikang'aa, na alasiri, alipotoka jikoni na bakuli la kunde za kumenya, akakuta katikati ya korido pametapakaa vumbi jekundu, vumbi kavu la uwanjani, kama vile mtu alisimama pale akasugua nyayo zake makusudi.

"Verlon! Umeingia na viatu ndani?"

Mumewe alikuwa kwenye kiti chake mwisho wa korido, amevaa soksi, anatazama ukuta wa upande wa pili.

"Viatu vyangu viko kibarazani, mke wangu. Na sijanyanyuka hapa tangu tulipokula."

Ernestine akachungulia nje. Viatu vilikuwepo, safi, vimepangwa pamoja. Akafagia lile vumbi huku akiulaumu upepo, ijapokuwa siku hiyo upepo haukuwepo. Ilikuwa Agosti ya Alabama, na majani ya mpichi uani yalikuwa yametulia kama yamechorwa.

Waliishi Pinder Hollow, kilimani juu ya kiwanda cha chuma ambacho tanuru zake zilikuwa zimezimwa moja baada ya nyingine. Verlon alikuwa shemasi wa kanisa, mstaafu, mtu wa maneno machache siku hizi. Lakini wazee wa pale hawakumjua kwa ushemasi. Walimjua kwa jina la Radi. Enzi zile kiwanda kilipokuwa na timu yake ya besiboli na mgodi wa Hurley kule bondeni ukawa na yake, Verlon ndiye aliyekuwa mrushaji wa kiwanda, na mpira ukitoka mkononi mwake watu walisema wameusikia kabla ya kuuona.

Mtu mmoja tu ndiye aliyeweza kuupiga. Hosea Gaddis wa mgodi, aliyeitwa Shoka. Jumamosi ambayo Radi na Shoka walikutana, mafundi walifunga karakana, wachungaji waliahirisha harusi, na wake zao wawili, Ernestine upande huu na Lottie Gaddis upande ule, walitukanana mpaka uwanja mzima ukacheka. Waliendelea hivyo miaka mingi, leo huyu juu, kesho yule, hadi fainali ya mwisho. Siku ile mchezo mzima ulibaki mikononi mwao wawili. Ulibaki mrusho mmoja tu. Hosea akiupiga, mgodi wameshinda. Akiukosa, kiwanda. Verlon aliinua mkono, na mvua ikashuka kama imemwagwa kwa ndoo. Mchezo ukavunjwa. Kabla haujapangwa tena wakubwa wakavunja timu zote mbili, na watu wakarudi kwenye masizi yao na makaa yao.

Mrusho ule haukurushwa kamwe. Kwa miaka zaidi ya thelathini, kila walipokutana dukani au kwenye matanga, wale wawili walibishana habari yake. "Ningekupiga mpira ukatua Georgia." "Ungepiga hewa, Hosea, ukapata mafua." Hawakutembeleana hata siku moja. Lakini Hosea alipokufa majira ya baridi, mapafu yamejaa vumbi la makaa, Verlon alisimama juu ya jeneza lake muda mrefu mpaka watu wakaanza kukohoa, kisha akasema kwa sauti, "Umenikimbia." Aliporudi nyumbani alijifungia bafuni, na Ernestine akafungulia redio ili mwanamume alie bila aibu.

Picha zilikuja mwezi wa saba. Marehemu Lucius Oatis, mpiga picha wa watu weusi wa wilaya yote, aliacha sanduku la picha za besiboli, na mpwa wake akalileta kwa Verlon kwa kuwa hakuna mwingine aliyebaki ambaye angezijua zile sura kwa majina. Verlon alizimwaga mezani kama mtoto aliyemwagiwa peremende. "Tazama, huyu Elzie Crume! Huyu Dootsie Banks, miguu kama swala, akili kama kuku! Huyu Nathaniel Yancey, aliyeuza glavu yake akanunua pete ya uchumba, na binti akakataa!" Alicheka mpaka akashika mbavu. Ernestine alifurahi naye. Hakuwa amekisikia kicheko kile tangu msibani.

Moja ilikuwa kubwa kuliko zote. Hosea Gaddis, kijana, ameinama kidogo, gongo la kupigia mpira begani, shavu moja limevimba kwa tumbaku, macho yamemkazia mrushaji asiyeonekana pichani. Verlon aliitia kwenye fremu ya kioo akaitundika mwisho mmoja wa korido, na kiti chake akakiweka mwisho wa pili. Hapo ndipo alipoanza kushinda.

"Shoka! Mbona umeshika gongo kama bibi kashika mwiko? Njoo basi. Njoo umalizie, nakungoja."

"Usimtanie marehemu ndani ya nyumba yangu," Ernestine alimwambia.

"Marehemu gani? Huyu alikufa siku alipouona mpira wangu." Kisha akamgeukia tena mwenye picha. "Au sivyo, Hosea? Hosea! Nasema nawe, Hosea Gaddis!"

Alimwita hivyo kila alasiri. Baada ya vumbi ikaja harufu.

Ernestine alikuwa amepiga magoti akichomoa mkate wa mahindi kwenye oveni aliponusa tumbaku ya kutafuna, ile ya zamani iliyolowekwa kwenye molasi, pamoja na dawa ya kuchua misuli na jasho lililokaukia kwenye sufu. Nyumbani kwao tumbaku haikuingia tangu Verlon aliposimikwa ushemasi. Aliifuata harufu hadi mlango wa korido ikamkatikia pale pale. Akarudi nyuma hatua moja, ikarudi.

Siku ya pili yake akasikia mlio. Tok. Tok. Tok. Si wa nguvu. Mbao juu ya mbao, kwa utulivu, kisha kimya, kama mtu anayengoja. Aliujua mlio ule, akaujua tumboni kabla ya kichwani, maana alikuwa ameuchukia ujana wake wote. Ndivyo Hosea Gaddis alivyogonga kibao cha chini, pale mpigaji anaposimama, kwa ncha ya gongo kila kabla ya mrusho. Watu wa mgodi walikuwa wakigonga miguu pamoja naye jukwaani mpaka mbao zikatikisika.

"Verlon," alinong'ona, "umesikia?"

Mumewe hakumtazama. Uso wake ulikuwa na furaha ambayo Ernestine hakuipenda.

"Anasema mvua imekatika," Verlon akasema.

"Nani anasema?"

"Anasema imekatika, tumalizie."

Tangu hapo mambo yakaenda mbio. Verlon aliacha kula. Alikubali kikombe cha maziwa na kipande cha mkate, basi, kisha akarudi kitini. Alizungumza na upande ule wa korido, akanyamaza kiasi cha mtu kujibiwa, akacheka. Alitoa kabatini mpira wake wa siku ya fainali, umekuwa kahawia kama kiazi, akawa anauzungusha vidoleni. Bega lake la kulia lilivimba. Ernestine alipomvua shati kumwogesha, alikuta mkono mzima una joto na mishipa imesimama kama kamba, mkono wa mtu aliyerusha tangu alfajiri, wakati mzee yule hakuwa amerusha kitu miaka mingi.

Mambo hayo hayakuja usiku hata mara moja. Usiku nyumba ilikuwa shwari, na Ernestine alilala kwa uchovu. Ni jua likishaanza kuinama, saa ileile ambayo zamani watu walikuwa wakipanda majukwaani na karanga zao za kuchemsha, ndipo korido ilipobadilika. Siku moja alijikaza avuke kumpelekea mumewe maziwa, akajiambia kwamba ni korido tu, ni mbao alizozipaka nta kwa mikono yake mwenyewe, ni hatua chache kutoka jikoni, akaanza kutembea huku macho kayakaza kwenye kikombe, na alipofika katikati hewa ikawa nzito na ya moto kama mbele ya mwili wa mtu aliyekimbia, na kitu kikamgusa mkono wa kushoto, kizito, kinakwaruza, kimelowa, mkono wa jezi ya sufu uliolowa mvua, ukamsugua taratibu kutoka kiwikoni hadi kiganjani kama mtu anayempisha mwanamke njiani kwa adabu, naye akaendelea kutembea, akamfikishia mumewe kikombe, na alipoutazama mkono wake ulikuwa umelowa maji kweli.

Jioni ile alimwendea Mama Ora Spivey.

Mama Ora alikuwa mwosha nyumba, mtu wa kufukuza pepo majumbani. Wengine kanisani walimwita mwombaji, wengine mchawi, kutegemea walikuwa na shida gani wiki hiyo. Alikuja kesho yake alasiri, amevaa gauni jeupe, na mfuko wenye chumvi, unga wa tofali jekundu, na chupa ya maji ya mizizi. Alimwaga unga wa tofali kizingitini, akarusha chumvi pembeni, akaingia korido akiimba zaburi kwa sauti ya chini. Verlon alimtazama kama anavyotazamwa mtu aliyekatiza uwanjani mchezo ukiendelea.

Mama Ora alipofika katikati alisimama. Tok. Tok. Tok. Zaburi ikakatika. Kisha Ernestine akasikia mtu akitema mate, na juu ya gauni lile jeupe, kifuani, likatua doa la rangi ya kahawia, likaanza kutiririka.

Mama Ora hakukimbia. Alirudi kinyumenyume mpaka kibarazani, akakaa kwenye ngazi.

"Dada Ernestine, mimi nafukuza wezi. Anayevunja mlango, anayepenya dirishani, huyo ni wangu. Huyu hakuvunja. Aliitwa kwa jina lake lote, ndani ya nyumba, na mwenye nyumba. Ni mgeni. Mgeni simfukuzi mimi."

"Basi nani atamfukuza? Mume wangu anakwisha!"

"Mtu mwenye haki naye. Aliyezoea kumwita akaitika." Alijifuta kwa leso, doa likazidi kutanuka. "Na usikie. Usimwache Shemasi aurushe ule mpira. Hicho ndicho anachongojewa. Ukimtoka mkononi, na roho imemtoka."

Mtu mwenye haki naye alikuwa mmoja tu, na Ernestine hakuwahi kukanyaga kwake. Jumamosi mchana alimwacha Verlon na jirani yao, Dada Beulah, akashuka bondeni Hurley. Lottie Gaddis alifungua mlango, mrefu bado, mgongo wima bado, akamtazama toka kofia hadi viatu.

"Ernestine Tisdale! Umepotea njia, au umekuja kuniomba radhi uliponiita twiga mbele ya mchungaji?"

"Nimekuja kuomba msaada, Dada Lottie."

"Hee. Basi dunia inaisha. Ingia."

Ernestine alieleza yote. Lottie alisikiliza, kidole kinazunguka mdomo wa kikombe cha kahawa. Ilipofikia habari ya kugonga kibao, kidole kikasimama.

"Mara tatu, kisha anangoja?"

"Ndiyo."

Lottie aligeuza uso dirishani. Alipozungumza sauti yake ilikuwa imebadilika. "Tangu nimzike naomba nimwote tu. Usiku mmoja tu. Hata kivuli sioni. Kumbe mwenzangu yuko kwenu anacheza mpira." Akacheka na kulia kwa pamoja. "Hata amekufa, Ernestine! Hata amekufa bado ni Verlon, Verlon, Verlon!" Akavua aproni, akachukua mkoba. "Twende. Nimemtoa mwanamume yule uwanjani miaka yote ya ndoa. Leo siyo ajabu."

Walipokuwa wanapanda kilima mbingu ilikuwa imejikunja, na ngurumo zinasikika mbali. Getini wakamkuta Dada Beulah anawakimbilia, kitambaa kimemtoka kichwani.

"Nimeshindwa! Amevaa ile jezi yake, amesimama! Nilimshika, amenisukuma kama mtoto! Mimi ndani sirudi!"

Ndani harufu ilikuwa kali mpaka inaumiza macho. Verlon alisimama mwisho wa korido amevaa jezi ya kiwanda iliyomning'inia kama kwenye msumari, mpira mkononi, mgongo umenyooka, uso umekuwa wa kijana kwa namna iliyotisha kuliko uzee wowote. Upande wa pili, chini ya picha, vumbi jekundu lilikuwa linazunguka zunguka pale miguu ya mtu ingekuwa, na mbao zilikuwa zimechomwa vitundu vitundu kama kwa viatu vya njumu. Tok. Tok. Tok. Verlon akaanza kuinua mkono, ule mkono uliovimba, polepole, juu ya kichwa, na goti likapanda jinsi lilivyokuwa likipanda zamani, na Ernestine akaona kwamba mumewe hapumui, kwamba kifua kimesimama na midomo imekuwa ya buluu na bado anatabasamu, akamrukia akamning'inia mkononi kwa uzito wake wote, akahisi mkono unaendelea kupanda naye kama yeye si kitu, kama unavutwa kwa kamba kutoka upande ule mwingine, akafumba macho akalia, "Lottie! Lottie, mwite!"

"Hosea Gaddis." Lottie alisema bila kupaza sauti. Aliita jinsi mke anavyoita kutoka dirisha la jikoni. "Hosea. Chakula kinapoa. Weka gongo chini twende nyumbani."

Kila kitu kikanyamaza. Vumbi likatulia. Mkono wa Verlon ukalegea ghafla, na mpira ukaanguka, ukabingirika chini ya kiti.

Kisha zikaja hatua. Kra, kra, kra, njumu juu ya mbao, bila haraka, zikaja korido yote hadi aliposimama Lottie. Ernestine aliona kipande cha gauni la Lottie, juu ya kiwiko, kikijikunja kama kimeshikwa. Yule mama alitabasamu kwanza, machozi yanamtiririka. Halafu tabasamu likabaki usoni lakini macho yakaliacha. Alipompita Ernestine mlangoni alinong'ona bila kugeuza shingo, "Mbona ana baridi hivi?"

Akatoka, akashuka kilima polepole, kwa mwendo wa mtu anayetembea na mwenzake. Mvua haikunyesha.

Verlon alilala tangu saa ile mpaka kesho yake mchana. Alipoamka mkono wa kulia ulikuwa umekufa, hauinuki hata kushika kijiko, lakini aliomba kunde, akala sahani mbili, akamwita mkewe kwa jina lake. Ernestine aliichoma picha ya Hosea Gaddis uani. Iliwaka taratibu, ikanuka kama nywele. Alitaka kuchoma sanduku zima, ila mzee alimsihi kama mtoto. "Wale wengine wamekosa nini, Ernestine? Wamenibakia hao tu." Akamhurumia, akalisukuma chini ya kitanda.

Akawa anamtembelea Lottie kila Alhamisi na kitu cha kula. Alidhani anakwenda kumshukuru. Mara ya kwanza Lottie alimpokea kwa furaha. Meza ilikuwa na sahani mbili. Mara ya pili hakumkaribisha ndani. Mara ya tatu alitoka mpaka ngazini, amekonda, akafunga mlango nyuma yake akasema karibu kabisa na sikio lake.

"Yule si Hosea."

Ernestine aliliweka bakuli ngazini. "Unasemaje?"

"Hosea aliniita Lot tangu tukiwa wachumba. Huyu hajaniita chochote. Hali chakula. Anakaa tu mezani na sura ya mume wangu, ananiuliza, 'Nani mwingine?'"

"Nani mwingine nani?"

"Wa zamani. Waliokufa. Nikimtajia mtu na kumsimulia alivyokuwa, macho yanamng'aa kama paka kaona maziwa. Sijui ni kitu gani, Dada. Nadhani kilikuwa kinapita, kikamsikia mumeo anaita jina kila siku, anaita kwa mapenzi, kikalivaa. Kingelivaa lolote."

"Toka humo! Njoo kwangu sasa hivi!"

"Nikitoka kitanifuata, na njia yake ni hiyo ya kwako." Lottie akamshika bega. "Sasa hivi kinaningoja nimalize kutaja. Kitangoja sana. Mimi nimepikia harusi na matanga yote ya bonde hili. Tena jana nimeanza kukidanganya, nakitungia watu ambao hawakuzaliwa." Alicheka kidogo. "Nenda, kakae na mzee wako. Ila usiache kuja."

Ernestine alimweleza Mama Ora. Mama Ora aliteremka mara moja, akapita mbele ya nyumba ile, akarudi, na jioni watu walimwona anapaka milango yake yote rangi ya buluu, ile ya kuzuia pepo wasiingie.

Alhamisi iliyofuata Ernestine aligonga, hakuitikiwa. Mlango haukuwa umefungwa kwa ufunguo. Lottie Gaddis alikuwa ameketi mezani, mikono mapajani, mdomo wazi kidogo kama mtu aliyekatizwa. Ernestine alimgusa shavu. Alikuwa amepoa zamani, pengine tangu jana yake. Sahani ya pili haikuwa mezani, na kiti cha pili kilikuwa kimerudishwa nyuma, kama mtu aliyemaliza akanyanyuka.

Hakumbuki alivyopanda kilima kile. Anakumbuka tu kwamba alikuwa anamuomba Mungu kwa sauti, na kwamba aliacha kiatu kimoja njiani, na kwamba alipokata kona ya mwisho akamwona Verlon amekaa kibarazani, mzima, sahani ya pichi zilizokatwa mapajani, anakula kwa mkono wa kushoto. Akapanda ngazi mbio.

"Mbona unakimbia, mke wangu? Mpaka umepoteza kiatu!"

"Uko salama," alihema. "Uko salama, uko salama."

"Mimi niko salama. Ni wewe tu na Lottie mmepishana." Verlon alielekeza kwa kidevu ndani ya nyumba. "Amekutangulia. Amefika kitambo."

Ernestine alitazama mlango uliokuwa wazi. Korido ilikuwa na giza baada ya mwanga wa nje.

"Ameomba kuona picha za chini ya kitanda," Verlon akaendelea. "Sikujua Lottie anawapenda vijana wale kiasi kile. Moja moja ananionyesha, ananiuliza huyu nani, alikuwaje. Nimemtajia wote, Ernestine. Dootsie, Elzie, wote. Amefurahi huyo!"

"Dada Ernestine?" Sauti ya Lottie ilitoka ndani, ya upole, karibu sana na mlango. "Mbona huingii?"

Ernestine aliiondoa sahani mapajani mwa mumewe, akamshika mkono mzima, akamnyanyua.

"Tunaenda wapi? Tuna mgeni! Hata kwaheri humwambii?"

Alimvuta, wakashuka ngazi, wakapita mpichi, wakatoka getini, mmoja kiatu kimoja, mwingine soksi. Aliapa moyoni kwamba wakifika stendi watapanda basi la kwanza la kaskazini, wafike kwa binti yao mjini Cleveland na nguo walizovaa, na nyumba ile na ioze na nta yake na mapazia yake. Ndivyo ilivyokuwa kweli. Hawakurudi Pinder Hollow tena.

Lakini kabla hawajaifika kona, dirisha la chumbani lilifunguka nyuma yao, na sauti ya Lottie ikaanza kuita. Haikuwaita wao. Iliita kwa madaha, kwa kuvuta, kama mtangazaji anavyoita timu kabla ya mchezo kuanza. Elzie Crume. Dootsie Banks. Nathaniel Yancey. Na baada ya kila jina, ndani ya nyumba ile tupu, mwanamume mwingine aliitika.